Kalokol: Nani Atalipa Dizeli?

Ukiwahi kukaa kwenye semina ya misaada, iwe Nairobi au Oslo, hukosi kusikia habari za kiwanda cha samaki cha Ziwa Turkana. Kisa chenyewe ni kifupi na kitamu kusimulia. Wanorwei walikwenda jangwani wakawajengea wafugaji wasiokula samaki kiwanda cha kugandisha samaki. Mitambo ikanguruma siku chache, ikazimwa. Dola milioni 22 zikaenda arijojo. Wasikilizaji hucheka, chai huletwa, mkutano huendelea.

Nimekisikia kisa hicho mara nyingi hadi nikaanza kukitilia shaka. Mimi ni mtu wa Mombasa, nimelelewa kwa ng'onda na papa mkavu, na jambo moja halikunikalia sawa kichwani. Kama watu wa huko hawana habari na samaki, yale malori ya samaki wakavu yanayoshuka Kitale kutoka kaskazini hupakiwa na nani? Nikafunga mkoba.

Kitale asubuhi kuna baridi ya koti. Ukishaiacha Kapenguria, milima ya Pokot inaanza kukuteremsha kwa kona moja baada ya nyingine hadi Marich, na kwenye kila kona unavua kitu: kwanza koti, kisha sweta, mwishowe unatamani kuvua na ngozi. Chini kule dunia inabadilika rangi. Mashamba ya mahindi yanakwisha, migunga inaanza, na upepo unaoingia dirishani ni kama umetoka kwenye tanuri la mkate.

Dereva alikuwa mtu wa makamo aliyeijua njia hii tangu enzi za utingo wake. Mahali fulani mbele ya Kainuk alininyooshea kidole pembeni, ambako kipande cha lami kongwe kilichungulia kando ya lami mpya.

"Ile ni ya Norad," akasema. "Ilikufa miaka mingi, mzee. Tulikuwa tunapita nje ya barabara, kwa mchanga, kwa sababu lami yenyewe ndiyo ilikuwa inavunja springi."

Norad ni shirika la misaada la serikali ya Norwei, na kwa watu wa huku jina hilo ni la kawaida kama jina la chifu aliyestaafu. Norwei iliisaidia Turkana kwa takriban miaka 20, tangu mwanzoni mwa miaka ya 1970. Kile ambacho semina hukiruka ni kwamba sehemu kubwa ya fedha zinazotajwa kwenye kisa cha kiwanda haikuwahi kuyaona mafriji. Ililipia barabara ya kuliunganisha ziwa na sehemu nyingine za nchi, kupitia Lodwar hadi Kalokol. Kabla ya hapo safari hii ilikuwa ya kubahatisha, na hata leo utamsikia mtu wa Lodwar akiaga kwamba "anaenda Kenya", naye anakusudia Kitale au Eldoret.

Basi kisa kimekwishaanza kuharibika kabla hatujafika nusu ya njia. Fedha zilizosemwa zimezama jangwani, mimi nilikuwa nimekaa juu yake kwenye kiti cha matatu. Lakini dereva naye alikuwa na haki yake. Barabara ile iliachwa bila mtu wa kuziba shimo la kwanza. Shimo la kwanza likaita la pili, na kwa miaka mingi ikawa aibu ya taifa. Imefufuliwa miaka ya karibuni, nayo kwa mikopo na misaada mingine, ukiwamo mkono wa Benki ya Dunia. Sasa ukiulizwa kama barabara ya Norad ilifaulu au ilishindwa utajibu nini? Inategemea ulipita mwaka gani.

Njia yote hii ni jumba la makumbusho la nia njema. Upande wa magharibi, mlimani, kuna bwawa la Turkwel, lililojengwa kwa fedha za Wafaransa na kukamilika 1991. Umeme wake ulitupwa kwenye nyaya kubwa kuelekea kusini, Lessos, huku vijiji vilivyo jirani na mto wenyewe vikibaki na vibatari. Lokichar ni mji wa mafuta yaliyogunduliwa 2012, na mpaka sasa yamezaa mikutano mingi kuliko mapipa. Zaidi ya Lodwar, kaskazini, kuna Lotikipi, ambako mwaka 2013 serikali na UNESCO walitangaza kwamba bahari ya maji imegunduliwa chini ya ardhi. Magazeti ya dunia nzima yalishangilia. Vipimo vilivyofuata vikaonyesha kwamba maji ya Lotikipi yana chumvi isiyonyweka.

Lodwar tulifika jua likiwa bado kali. Ni mji wa vibao. Kila njia panda ina kibao cha shirika: lishe, maji, amani, mbuzi, wasichana, mabadiliko ya tabianchi, na chini ya kila kibao nembo ya nchi iliyotoa fedha. Vingine rangi imeshababuka, na miradi yake ilikwisha zamani. Hakuna aliyepewa bajeti ya kung'oa kibao.

Kando ya mto Turkwel kuna mikoma mirefu, ambayo majani yake kina mama husukia vikapu vya kuuza. Katikati ya mikoma umejaa mti mwingine wa miiba ambao Kenya nzima unaitwa mathenge. Huu uliletwa na miradi ya kupanda miti, miaka ya 1970 na 1980, kuzuia mchanga na kuwapa watu kuni. Ulistawi kupita matarajio. Umefunga njia za mifugo, umekunywa maji ya wengine, na maganda yake matamu yanaozesha meno ya mbuzi. Watu wa Baringo walikwenda mahakamani kuishtaki serikali kwa ajili ya mti huo, wakampeleka Nairobi mbuzi kibogoyo kama kielelezo. Tathmini ya mwaka wa tano ingeupa mathenge alama zote: umeshika, umesambaa, hauhitaji kumwagiliwa. Tathmini ya mwaka wa ishirini na tano ililetwa na mbuzi.

Jioni nilikaa kwenye hoteli ya chai na kijana aliyekuwa akifanya kazi ya kukusanya takwimu za tathmini, kazi ya vibarua wasomi ambayo imelisha vijana wengi wa Lodwar. Alinieleza maswali anayobeba kwenye tableti yake. Yanatokana na vigezo ambavyo OECD, klabu ya nchi tajiri, ilivipanga 1991. Mradi ulihitajika? Ulitimiza malengo yake? Fedha zilitumika vizuri? Ulileta mabadiliko gani? Utadumu? Mwaka 2019 wakaongeza swali la sita, kama mradi unapatana na mingine inayoendelea mahali hapohapo. Ni maswali mazuri. Sina ugomvi nayo hata moja.

Ugomvi wangu ni wa saa. Tathmini nyingi hufanywa mradi unapomalizika, wakati magari bado yana mafuta, meneja bado ana mshahara, na kamati ya kijiji bado inapewa soda na nauli ya kuhudhuria. Kwa hiyo maswali manne ya kwanza hujibiwa kwa ushahidi, na la tano, la kudumu, hujibiwa kwa ramli. Mtathmini anaandika kwamba "kuna dalili nzuri za uendelevu kwa kuwa jamii imemiliki mradi", anasaini, anapanda ndege ya Wilson. Wapo wanaorudi baadaye. JICA ya Japani ina desturi ya kurudi ndani ya miaka 3 baada ya mradi kukamilika, na heri wao. Lakini wengi hawarudi, kwa sababu bajeti ya kurudi ilikuwa ndani ya mradi, na mradi umekwisha.

Kijana yule hakukataa. "Siku ya kukabidhi kila kitu kinafanya kazi," akasema. "Hata mimi ningekabidhiwa siku hiyo ningefanya kazi."

Yuko Mwingereza mmoja, Robert Chambers, aliyekuwa ofisa wa utawala Samburu, ng'ambo ya ziwa, kabla ya Kenya kupata uhuru. Mwaka 1983 alichapisha kitabu kilichowaudhi wataalamu wengi, kwa sababu aliwachora jinsi walivyo: huzuru vijiji vilivyo kando ya lami, wakati wa kiangazi barabara zikipitika, huzungumza na wanaume na viongozi, huonyeshwa palipo na mradi na kupitishwa mbali na pasipo na kitu. Ukikisoma Lodwar, ukiwa umeteremka kwenye matatu iliyopita lami ileile, unatazama viatu vyako.

Kutoka Lodwar hadi Kalokol ni kama kilomita 60. Nilipata nafasi kwenye Probox iliyobeba watu, unga, madumu ya mafuta ya kupikia na jogoo mmoja mwenye hasira. Ardhi ni mawe meusi na mchanga, kisha mikoma inarudi, kisha harufu inakuambia umefika. Kwa mtoto wa pwani ile harufu haikuwa karaha. Ilikuwa harufu ya soko.

Kiwanda hakijifichi. Ni majengo makubwa kuliko chochote kilichoyazunguka, kuta zimechubuka, mabati yameshika kutu. Mtu akikitazama mara moja anaona kaburi la mradi, na picha nyingi zinazosambazwa zilipigwa kwa nia hiyo. Mzee mmoja aliyekuwa amekaa kwenye kigoda chake kivulini alinikaribisha kwa "ejoka", nami nikajibu kwa kadiri ya uwezo wangu, akacheka. Alisema aliwahi kuajiriwa hapo ujanani.

"Norad walilipa vizuri," akasema. "Shida ilikuwa dizeli. Lori la dizeli linatoka Kitale, linarudi na samaki. Sasa ukipiga hesabu, samaki hamlipi dizeli."

Mhasibu yeyote angeweza kuipiga hesabu hiyo. Lodwar na Kalokol joto la mchana hukaa kwenye nyuzi 35 na zaidi karibu mwaka mzima. Samaki anatoka majini akiwa vuguvugu, unatakiwa kumshusha hadi chini ya sifuri na kumweka hapo siku nenda siku rudi, kwa jenereta, mahali ambapo umeme wa gridi haukufika na kila lita ya mafuta imesafiri mamia ya kilomita. Kusafisha minofu kunataka maji matamu kwa wingi, na maji ya Ziwa Turkana yana magadi. Halafu yale magogo ya barafu yasafirishwe hadi Nairobi kwa malori yenye friji, juu ya barabara ambayo tumeshaisikia habari yake. Kiwanda kilikamilika 1981. Kilipogundua kwamba gharama ya kugandisha inapita bei ya samaki, kilizima majokofu.

Tena hapo ziwa lenyewe lilikuwa bado halijasema neno. Kiwanda kilitegemea Ghuba ya Ferguson, hori pana lisilo na kina kirefu, ambalo miaka ya 1970 lilijaa ngege hadi watu wakadhani ni ghala lisilokwisha. Katikati ya miaka ya 1980 ghuba ilikauka. Mitumbwi ikakaa juu ya matope, kisha juu ya vumbi. Haikuwa siri kwamba Ziwa Turkana hupanda na kushuka. Tangu msafiri wa Kizungu, Teleki, alipolifikia 1888 limewahi kuteremka kwa mita nyingi, likapanda tena miaka ya 1960. Sehemu kubwa mno ya maji yake, kama asilimia 90, huletwa na mto Omo kutoka Ethiopia, kwa hiyo kiasi cha samaki Kalokol kinaamuliwa na mvua ya nchi nyingine, na siku hizi pia na bwawa la Gibe III lililoanza kuzalisha umeme 2015. Wapo wanasayansi waliolichunguza ziwa hili kwa makini, kikosi cha Waingereza chini ya A. J. Hopson, kati ya 1972 na 1975. Ripoti yao, majuzuu mazito, ilichapishwa London 1982. Kiwanda kilikuwa kimekwisha kujengwa.

Nilimuuliza mzee lile swali lililonitoa Mombasa, la Waturkana na samaki. Alinitazama kama mtu aliyeulizwa kama Waswahili wanaijua nazi.

Waturkana wa ziwani wamevua tangu zamani, kwa mikuki na kwa matega ya kusukwa. Ila uvuvi ulikuwa kazi ya asiye na mifugo. Ukame ukikuulia ng'ombe, au wavamizi wakizoa zizi lako, unashuka ziwani, unavua, unauza, unanunua mbuzi mmoja, kisha wa pili, na Mungu akijalia unarudi malishoni na heshima yako. Ziwa lilikuwa mahali pa kupumulia. Baada ya ukame mkali wa 1979 hadi 1981 maelfu walihitaji mahali hapo. Mradi ulikuja ukitafuta mvuvi wa kudumu, mwanachama wa chama cha ushirika, mwenye boti na deni la boti. Mturkana alikuwa anatafuta mbuzi. Kwa miaka kadhaa kila mmoja alidhani mwenzake amemwelewa, na ngege wakiwa wengi hakuna aliyelazimika kuuliza.

Majokofu yalipozimwa jengo halikubaki tupu. Chama cha ushirika kililigeuza ghala la samaki wakavu. Hapa ndipo simulizi ya semina inapochekesha kwa upande wake wa pili: ghala lenye kuta nene, kivuli na sakafu ya saruji ni kitu cha maana sana Kalokol. Ni ghala la bei ghali kupindukia, hilo silikanushi. Kwa gharama ile wangejengewa maghala ya kuzunguka ziwa zima. Lakini biashara ambayo kiwanda kilikuja kuianzisha ipo, imekua bila majokofu, kwa jua na chumvi, vitu viwili ambavyo Turkana haviagizwi kutoka Oslo.

Asubuhi nilikwenda ufukoni, upande wa Longech. Miaka hii ziwa limepanda tena. Limemeza mikoma, vibanda na sehemu za njia, na mitumbwi inafungwa mahali palipokuwa ua wa mtu. Wanaume walikuwa wakirudi na mbuta na ngege, lakini ufuko ni wa wanawake. Wao ndio wanaopasua, wanaotia chumvi, wanaogeuza samaki juani, wanaobishana bei na wenye malori. Nikajiona niko nyumbani, isipokuwa hapa anayepasua samaki ana shanga kuanzia mabegani hadi kidevuni. Mama mmoja, akijua tayari kwamba sikuja kununua, aliniambia mzigo wake unakwenda Kisumu na Busia, kisha unavuka hadi Kongo.

"Huko wanapenda huyu wa chumvi," akasema. "Sisi hatujui kwa nini. Tunaona tu pesa."

Nilimuuliza angetaka nini kama mfadhili angekuja leo. Sikutaja jokofu. Hakusita: chumvi ya bei nafuu, turubai za kufunikia mvua isiyotarajiwa, na mtu wa kumpa mkopo kabla ya mwenye lori hajamkopesha. Maana mwenye lori akikukopesha, bei anaipanga yeye. Nimesoma ripoti nyingi za uvuvi wa Turkana zenye majedwali ya kila aina ya samaki, na sikumbuki iliyomweka mwenye lori kwenye ukurasa wa kwanza.

Kuna msaada mwingine Kalokol ambao hauna kibao wala jengo. Kwenye duka moja karibu na stendi niliona foleni ya kina mama na wazee wenye kadi za benki. Ni fedha za HSNP, mpango wa kinga dhidi ya njaa ulioanzishwa na Uingereza pamoja na serikali ya Kenya mwishoni mwa muongo wa 2000 katika kaunti nne za kaskazini: Turkana, Marsabit, Wajir na Mandera. Katika awamu yake ya pili, iliyoanza 2013, familia zipatazo 100,000 zililipwa shilingi 5,400 kila baada ya miezi miwili kupitia benki ya Equity, bila sharti la kuchimba mtaro wala kuhudhuria semina. Watathmini waliufuata mpango huu kwa miaka. Waliona kwamba familia zilizopewa hazikuzama kwenye umaskini kama majirani zao wasiopewa, ingawa afya na lishe ya watoto haikubadilika kwa kiasi kilichotarajiwa. Mradi uliopimwa kwa uaminifu huwa na sura hiyo, yenye nusu furaha.

Kilichonivutia zaidi ni mambo ya mlipaji. Mwaka hadi mwaka mchango wa Kenya uliongezwa na wa Uingereza ukapunguzwa, kwa makubaliano, hadi malipo ya kawaida yakahamia kwenye bajeti ya Nairobi. Kuhama huko hakukuwa na shangwe. Nilimuuliza mama aliyekuwa mwisho wa foleni kama fedha zinafika kwa wakati.

"Zikija, zinakuja," akanijibu. "Zikichelewa, mwenye duka anaandika."

Daftari la mwenye duka, basi, ni sehemu ya mfumo wa kinga dhidi ya njaa, ingawa halimo kwenye mchoro wowote. Fedha zinazochelewa ni dhuluma kwa mwenye njaa, sitalipamba hilo. Lakini mama yule ana mtu wa kumlalamikia. Ana mbunge, ana gavana, ana redio ya Lodwar ya kupiga simu. Mzee wa kiwandani dizeli ilipokatika angempigia nani? Oslo?

Kuondoka kwa Wanorwei kwenyewe hakukuhusiana na samaki hata kidogo. Oktoba 1990 serikali ya Rais Moi ilivunja uhusiano wa kibalozi na Norwei kwa hasira ya kesi ya uhaini ya Koigi wa Wamwere, mwanasiasa aliyekuwa amepata hifadhi huko. Mabalozi wakafungasha, miradi ikafungwa, na karani wa Turkana aliyekuwa akilipwa na Norad akawa amekatiwa mshahara kwa jambo lililotokea mahakamani Nairobi. Uhusiano ulirejeshwa 1994. Miradi ile haikurejea kama ilivyokuwa.

Ukidhani hayo ni ya kale, tazama 2025. Tarehe 20 Januari Rais Donald Trump alitia saini amri ya kusimamisha misaada ya nje kwa siku 90. Machi waziri wake wa mambo ya nje, Marco Rubio, akatangaza kwamba asilimia 83 ya programu za USAID zimefutwa. Tarehe 1 Julai shirika lenyewe likafungwa. Kambini Kakuma, kaskazini-magharibi mwa Lodwar, mgao wa chakula ulipunguzwa na wakimbizi wakaandamana. Kijana wangu wa tableti alikuwa na wenzake waliopokea barua za kuachishwa kazi ndani ya wiki moja. Miradi iliyofutwa haikuulizwa maswali ya OECD, hata moja. Mizuri ilikufa pamoja na mibovu, na mtu aliyetumia miaka akithibitisha kwa takwimu kwamba mradi wake unaokoa watoto aligundua kwamba uthibitisho haukuwa kinga.

Wapo waliofurahia, hata hapa kwetu, wakisema heri sasa tutajitegemea. Sikuweza kuungana nao. Kumkata mgonjwa dripu katikati ya usiku si njia ya kumfundisha kula. Ila mipango inayotegemea saini ya mtu mmoja ng'ambo ya bahari haikustahili kuitwa endelevu tangu mwanzo, na ripoti nyingi ziliiita hivyo.

Suala hili lina hesabu iliyokwisha kupigwa kwa pampu za mkono. Mtandao wa kimataifa wa maji vijijini, RWSN, ulikusanya takwimu za nchi mbalimbali za Afrika kusini mwa Sahara, na mwaka 2009 ukakadiria kwamba pampu 36 katika kila 100 zilikuwa hazifanyi kazi. Pampu hizo karibu zote zilifunguliwa kwa nyimbo na utepe. Kilichoziua mara nyingi ni kipuli cha mpira, au fimbo ya chuma, au fundi aliyehamia mjini, na kamati iliyokusanya michango hadi pale mweka hazina alipougua. Ningekuwa na mamlaka ningefuta nusu ya kurasa za fomu za wafadhili na kubakiza hili: jina na namba ya simu ya atakayenunua spea ya kwanza, na mahali zitakapotoka fedha hizo.

Siku niliyokuwa nikitafuta gari la kurudi Lodwar nilikuta mkutano chini ya mti, karibu na ofisi ya BMU, kamati inayosimamia ufuko. Mgeni kutoka shirika moja alikuwa amekuja na pendekezo la mtambo wa kutengeneza barafu unaotumia jua. Sola siku hizi ni nafuu, alieleza, dizeli haihitajiki tena, na samaki mbichi ana bei kuliko mkavu. Alikuwa kijana mwenye adabu, aliongea Kiswahili safi, na hoja yake ilikuwa na uzito. Dunia ya 1981 si ya leo.

Wazee walimsikiliza bila kumkatiza. Akina mama walikaa upande wao na visu vyao, maana mitumbwi ilikuwa inakaribia. Alipomaliza, mwanamke mmoja akauliza kama samaki mbichi akikosa lori siku hiyo anaweza kurudishwa juani akaushwe, au atakuwa ameshaharibika. Mwingine akauliza kama barafu itauzwa au itagawiwa, na kama itauzwa, funguo atashika nani. Kisha mwenyekiti akataka kujua ile mashine inaharibika wapi kwanza.

Kijana akasema aghalabu ni kompresa.

"Inauzwa wapi?"

"Nairobi. Nyingine huagizwa nje."

"Bei?"

Hakuwa nayo. Akaahidi kuitafuta. Mwenyekiti akamwandikia namba yake ya simu kwenye kipande cha karatasi, akamwambia mkutano umeahirishwa mpaka bei ya kompresa ifike, na kina mama wakainuka kwenda kupokea mitumbwi.